Mikono Miwili Isiyosikizana

Na mwanachama, kidato cha tatu

Mhariri alipobandika tangazo kwamba chama kinataka insha juu ya "Safari Ambayo Sitaisahau", nilijua mara moja kwamba gazeti letu litajaa Mombasa. Mwaka jana Mombasa ilitokea mara tano, na nawajua angalau waandishi wawili ambao hawajawahi kuvuka Eldoret. Safari yangu mimi ni ya dakika mbili na nusu tu, na niliifunga nikiwa nimeketi kwenye kiti. Ukiona si safari, mlaumu mhariri aliyeikubali.

Nyuma ya jukwaa la ukumbi wetu kuna stoo. Wengi wenu mnaijua kwa sababu ya viti vilivyovunjika. Humo ndimo ilimo piano ya shule. Inasemekana iliachwa na mlowezi mmoja wa hapa Trans Nzoia alipouza shamba na kwenda zake, lakini hayo ni maneno ya watu, ushahidi sina. Nilicho na ushahidi nacho ni kwamba vitufe vitatu havitoi sauti kabisa, kimoja ukikibonyeza hubaki chini hadi ukiinue kwa ukucha, na panya alishawahi kuzalia ndani yake. Mwalimu wetu wa muziki hunipa ufunguo wa stoo saa kumi alasiri, mradi niurudishe mapema, maana mimi ni wa kutwa na kwetu ni mbali kwa miguu.

Kupiga nilijifunzia kanisani, kwenye kinanda cha umeme. Nyimbo za ibada si ngumu. Mkono wa kulia unaimba, wa kushoto unaufuata nyuma nyuma kama ndama anavyomfuata mamake. Kwa mtindo huo nilijiona bingwa. Akina mama walikuwa wakinisifu baada ya ibada, nami nikaamini kila neno.

Basi siku moja muhula wa kwanza mwalimu akaniita ofisini, akafungua tarakilishi yake, akaniambia, "Keti usikilize hii, kisha uniambie ni watu wangapi wanapiga." Nikasikiliza. Haki ya Mungu nilicheka. Ilikuwa kama piano imetupwa kwenye ngazi ikaanza kuteremka yenyewe, ila badala ya kuvunjika inazidi kupata nguvu. Nikamjibu, "Wawili, mwalimu, tena wamegombana." Akasema ni mtu mmoja, Mfaransa aitwaye Pierre-Laurent Aimard, na ana mikono miwili kama mimi.

Kazi yenyewe inaitwa Désordre, neno la Kifaransa lenye maana ya fujo au vurugu. Aliyeitunga ni György Ligeti, mwaka 1985. Ndiyo ya kwanza katika mazoezi yake ya piano, ambayo kufikia mwaka 2001 yalikuwa 18 katika vitabu vitatu. Usidanganywe na neno "mazoezi". Kitabu cha kwanza peke yake kilimpatia tuzo ya Grawemeyer huko Marekani mwaka 1986, na kuna wapiga piano wenye majina makubwa ambao wakiiona fujo hii jasho linawatoka.

Wacha nikueleze inavyokwenda, maana bila hilo hutaelewa yaliyonipata. Mkono wa kulia hupiga vitufe vyeupe tu. Mkono wa kushoto hupiga vyeusi tu. Noti zinakimbia bila kupumzika, zote za urefu mmoja, kama punje za mahindi zinavyomiminika kutoka kwenye mashine ya kupukuchua. Ndani ya mbio hizo baadhi ya noti hupigwa kwa nguvu, na hizo ndizo sikio linazozidaka. Pigo la nguvu, unahesabu tatu. Pigo jingine, unahesabu tano. Tatu na tano ni nane. Mara tano inatangulia, tatu inafuata, lakini jumla bado ni nane. Mikono yote miwili inaanza pamoja, kama watu walioamkiana vizuri asubuhi. Halafu mkono wa kulia unaiba noti moja. Mahali palipostahili nane panakuwa na saba. Ni kosa dogo sana, msomaji, hata hulioni. Ila tangu hapo wa kulia umetangulia kwa noti moja, baadaye mbili, baadaye tatu, na wa kushoto unaendelea na njia yake kama mtu ambaye hakuna aliyemwambia lolote.

Ukitaka kuonja, mchukue rafiki yako mtembee bega kwa bega kutoka langoni hadi bwalo. Hesabuni hatua nane nane, kila mtu apige kofi kwenye hatua ya kwanza na ya nne. Mkifika hatua 31, mmoja wenu aanze kuhesabu upya, mwingine amalize 32 zake kwanza. Endeleeni hivyo. Nimewajaribu wenzangu darasani na hakuna waliopita maktaba kabla mmoja hajaanza kumfuata mwenzake. Sasa fikiria kufanya hayo yote ukiwa mtu mmoja, kwa mwendo wa matatu iliyochelewa stejini.

Mwalimu alikuwa na noti zilizochapwa. Akanipa ukurasa wa kwanza, akasema nisiharakishe. Nilifanya kazi muhula mzima. Nilipiga kwa madawati, kwa magoti, kwa sufuria. Kuna siku nilikuwa napiga tatu na tano chini ya dawati wakati wa somo la kemia, na kumbe sauti ilikuwa inatoka. Nilipewa nyasi za nyuma ya maabara nifyeke. Hata fyekeo likawa linakwenda kwa tatu na tano, na aliyekuwa akinisimamia akaniuliza kama ninaumwa.

Matokeo? Mwisho wa muhula nilikuwa naweza kupiga mstari wa kwanza, polepole, hadi pale mkono wa kulia unapoiba. Hapo ndipo pa kaburi langu. Kila mara wa kulia ulipotangulia, wa kushoto ulikimbia kuufikia. Ndama na mamake. Nilijaribu kwa hasira, nikajaribu kwa sala, nikajaribu nikiwa nimefumba macho. Nikamrudishia mwalimu ukurasa wake, nikamwambia kazi hiyo ni ya Wazungu, waachiwe wenyewe.

Mwalimu hakukasirika. Aliniuliza kama najua huyo Ligeti alijifunza wapi mambo hayo, akanisimulia kwa kipindi kizima.

Ligeti alizaliwa mwaka 1923 Transylvania, nchini Romania, katika familia ya Wayahudi waliozungumza Kihangaria. Alianza kujifunza piano akiwa na miaka 14, yaani umri wa kidato cha kwanza! Nilidhani watu kama hao huzaliwa na piano mgongoni. Wakati wa vita alipelekwa kufanya kazi za kulazimishwa. Babake na mdogo wake waliuawa katika kambi za Wanazi. Mwaka 1956, majeshi ya Urusi yalipoingia Hungaria, alitoroka akaenda Austria. Alifariki Vienna mwaka 2006. Na mwenyewe alikiri kwamba hakuwa mpigaji hodari kiasi cha kuyapiga mazoezi yake vizuri. Jambo hilo lilinifariji kuliko yote.

Sasa sikiliza. Mwaka 1963 mtu mmoja wa Israeli, Simha Arom, mpiga baragumu, alitumwa Bangui katika Jamhuri ya Afrika ya Kati aunde bendi ya matarumbeta. Alipofika aliwasikia wenyeji. Watu wa Banda-Linda hupiga pembe, kila mtu na pembe yake, na kila pembe ina noti moja tu. Ukiwasikiliza pamoja unasikia msitu mzima wa sauti. Aliyekwenda kufundisha akageuka mwanafunzi, akarekodi muziki huo miaka na miaka. Mwaka 1982 mwanafunzi wa Ligeti, Roberto Sierra wa Puerto Rico, alimsikilizisha mwalimu wake rekodi za Arom. Miaka mitatu baadaye, Désordre.

Na si Bangui tu. Hapa karibu, ukivuka Malaba ukaendelea mpaka Buganda, kuna amadinda, marimba ya vipande 12 vya mbao. Wawili huketi wakitazamana, mmoja akipiga katikati kabisa ya mapigo ya mwenzake, na wa tatu ana vipande viwili tu vya mwisho. Kinachomfikia msikilizaji ni nyimbo ambazo hakuna hata mmoja kati yao anayezipiga. Zinazaliwa hewani. Gerhard Kubik wa Austria alikwenda kujifunza Kampala kwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa kasri la Kabaka, na mwaka 1962 akaandika juu ya miujiza hiyo ya sikio. Ligeti naye alivutiwa na habari hizo. Budapest kuna kundi la wapiga ngoma lililoanzishwa mwaka 1984, na jina lake ni Amadinda! Ligeti aliwatungia kazi mwaka 2000.

Nilipotoka ofisini nilikuwa na hasira kidogo, nakiri. Nilijiambia, kumbe vyetu vinakwenda Ulaya, vinavalishwa suti, kisha vinarudi kutushinda sisi wenyewe stoo. Kesho yake nilimwambia mwalimu hivyo hivyo. Alinijibu kwamba Ligeti hakuchukua wimbo wa mtu yeyote, alichukua namna ya kufikiri, na hakuficha alikoipata. Kitabu cha Arom kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1991, dibaji aliiandika yeye. Nikasema sawa. Bado sijaamua kama nimeridhika. Nadhani kinachoniuma si Ligeti. Kinachoniuma ni kwamba nilihitaji Mhangaria aniambie nikamsikilize babu yangu.

Maana babu yangu, ambaye sisi tunamwita kuka, ni mpiga litungu.

Watu wengi wakisikia Mluhya na muziki wanafikiri isukuti peke yake. Isukuti ni ya ndugu zetu Waisukha na Waidakho, na ina heshima zake; mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa haraka. Sisi Wabukusu tuna litungu, ala ya nyuzi saba, bakuli la mbao lililowambwa ngozi na mikono miwili ya kushikilia nyuzi juu. Kuka alilichonga la kwake mwenyewe kabla babangu hajazaliwa. Nyuzi za zamani zilikuwa za mishipa ya mnyama, siku hizi ni uzi wa kuvulia samaki. Nimemsikia tangu nikiwa mgongoni na sijawahi hata siku moja kujiuliza mikono yake inafanya nini. Ilikuwa kama kusikia mvua.

Na sasa haikuwapo tena. Mwaka jana kuka alipatwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukalegea, mguu ukarudi kiasi, mkono ukakataa. Maneno pia hutoka nusu nusu.

Likizo ya Aprili nilipanda matatu hapa Kitale, tukapita Kiminini, Kamukuywa na Kimilili hadi upande wa Chwele, huko Bungoma. Safari hiyo sitaieleza, ilikuwa na kuku wengi. Nilimkuta kuka ameketi chini ya mwembe, mkono wa kushoto ameuweka mapajani kama kitu alichoazimwa na jirani. Nikamwamkia, akaniitikia kwa kichwa. Ndani ya nyumba litungu lilikuwa ukutani, limetundikwa juu sana ambapo yeye hafiki. Nikamuuliza kukhu ni nani aliyeliweka huko. Akasema, "Yeye mwenyewe alituambia. Hataki kuliona likiwa karibu."

Jioni hiyo baba mdogo alitoa habari. Kuna mtu anayenunua vitu vya kale kuvipamba mahotelini, na ameshafika bei: shilingi elfu tatu. Dawa za kuka kwa mwezi zinazidi hizo, kwa hiyo simlaumu baba mdogo moja kwa moja. Yeye ndiye anayempeleka hospitali, si mimi ninayekuja likizo na kurudi. Lakini chakula kilinikwama kooni. Kuka alikuwa hapo hapo mezani, anasikia yote, na hakusema kitu. Alikuwa anaitafuta mboga kwa mkono mmoja.

Asubuhi nilipanda juu ya kiti nikaliteremsha litungu. Nikampelekea chini ya mwembe. Aliniangalia vibaya kwa muda mrefu, nikajua nimekosa adabu. Kisha akaliweka kwenye mapaja, akalisukuma kidogo hadi likae, akaanza kwa mkono wa kulia.

Msomaji, ulikuwa nusu ya wimbo. Nilikuwa naujua wimbo huo maisha yangu yote na sikuutambua. Mapengo matupu. Ndipo nilipoelewa kwamba ule niliokuwa nikiusikia utotoni haukuwa katika mkono wa kulia, wala haukuwa katika wa kushoto. Alipofika mwisho akaanza tena, na tena, pengo kwa pengo, na macho yake yalikuwa juu yangu.

Nikaketi upande wake wa kushoto, begani kabisa, nikapitisha mkono wangu pale wake ulipokuwa unapita. Aliziguza nyuzi tatu kwa kidole cha kulia kunionyesha ni zipi. Nikaanza. Baada ya muda mfupi nilikuwa nimeshaanza kumfuata, si unajua mambo yangu. Akasimamisha.

"Usi... usinifuate," akasema. "Ukinifuata, tunakuwa mkono mmoja."

Tukaanza tena, nikamfuata tena. Nilianza kutoa visingizio, eti nyuzi zimelegea. Hapo akafanya kitu ambacho hakimo katika ukurasa wowote niliopewa. Alinipa maneno. Yalikuwa majina ya ng'ombe wawili, nami niyatamke mdomoni bila kukoma, mfululizo, mkono wangu ukiyafuata maneno badala ya kumfuata yeye. Majina yenyewe siyaandiki, sababu utaiona. Nikawa nayasema na kuyachapa, nayasema na kuyachapa, wala simwangalii. Yeye akaniacha nizunguke mara nyingi peke yangu. Kisha akaingia katikati yangu, mahali ambapo mimi sipo.

Sijui ilidumu kiasi gani. Pengine nusu dakika. Ninachojua ni kwamba ghafla wimbo ulikuwapo, wote, juu ya vichwa vyetu, na hakuna kati yetu aliyekuwa anaupiga. Nilitaka kusimama nipige kelele, na mara tu nilipowaza hivyo nikaharibu.

Nilipoinua macho kukhu alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi. Akamwambia kuka kwa ukali, "Unamfundisha mtoto majina ya ng'ombe wangu?" Kumbe ni wale aliotolewa mahari. Kuka akacheka, upande mmoja wa uso, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia akicheka tangu augue. Kukhu akanikataza nisiwataje ng'ombe hao popote, nami ni mtoto mwenye adabu.

Tulipiga kila asubuhi kwa siku tisa. Siku nyingine hazikwenda vizuri. Kulikuwa na siku mbili mkono wake wa kulia nao ulichoka mapema, akanifukuza. Baba mdogo alipita mara moja na jembe begani, akasimama akasikiliza, akaenda zake shambani. Lile jambo la elfu tatu halikutajwa tena nikiwa huko. Kama limekufa au limelala tu, siwezi kukuhakikishia.

Niliporudi shule nilimwomba mwalimu ule ukurasa. Hakusema "nilikwambia", jambo ambalo mimi ningelisema. Kwa mkono wa kushoto nilitia wale ng'ombe, ingawa hesabu haikukaa sawa sawa nikalazimika kuwaongezea ndama. Mkono wa kulia ukaiba noti yake ya kwanza. Wa kushoto haukukimbia. Ukaiba ya pili. Hapo nilishtuka, nikagonga kile kitufe kinachobaki chini, yote yakaporomoka. Kwa sasa nimefika mstari wa pili, kwa mwendo wa konokono. Kurasa zilizobaki sijazihesabu kwa makusudi.

Nilipokuwa ninaaga mwezi ule, kuka alinituma. Alisema nyuzi zake mbili zimekwisha, nimletee uzi wa kuvulia samaki, ule mnene, na nisinunue Chwele kwa sababu wa Kitale ni imara zaidi. Nimeununua karibu na soko. Uko hapa ndani ya mkoba wangu wa vitabu, umevingirishwa kwenye kijiti, na shule inafungwa Ijumaa.